Daraja la Mkurugenzi

Ipo nchi moja, si yetu na wala haipakani na yetu, ambako mtu hawezi kuendesha lori la serikali bila leseni, hawezi kumchoma mgonjwa sindano bila cheti, na hata anayechinja ng'ombe kwenye machinjio ya umma lazima kwanza apimwe afya na kupewa kitambulisho chenye picha. Ni nchi inayojali sifa. Kazi moja tu haidai cheti chochote, nayo ni ya mkurugenzi wa wilaya, yule anayewaongoza dereva, muuguzi na mchinjaji. Wataalamu wa huko walieleza kwamba kazi hiyo ni kubwa mno, hakuna cheti kinachoitosha, na kuliko kumdhalilisha mtu kwa kumdai kidogo, afadhali asidaiwe kitu.

Kwenye mshahara, sheria yao ilikuwa na huruma. Ilitambua kwamba mkurugenzi anayepelekwa mahali penye shida anaumia kuziangalia. Kwa hiyo wilaya zote ziligawanywa katika madaraja. Wilaya yenye barabara, maji na dawa iliwekwa daraja la tatu, na mkurugenzi wake alipata mshahara mtupu, maskini. Yenye shida za kawaida ilikuwa daraja la pili, na hapo paliongezwa posho. Lakini wilaya yenye shida za kuvunja moyo ilipewa daraja la kwanza. Mkurugenzi wa huko alipata mshahara, posho ya mazingira magumu, posho ya uvumilivu, gari la pili la kulipumzisha gari la kwanza, na ada ya kuwasomesha watoto wake mbali na shida hizo. Kila mwaka wakaguzi walizunguka nchi nzima kuhakikisha kwamba shida bado zipo.

Na kuwajibika? Mkurugenzi aliwajibika kwa yule aliyemteua, ambaye aliishi mbali na alikuwa na mambo mengi.

Wilaya ya Mang'wale ilikuwa daraja la kwanza, na ilistahili. Mto Luhanga uliikata katikati. Upande wa Boma kulikuwa na hospitali, soko na ofisi. Upande wa Kilawe kulikuwa na watu. Zamani palikuwa na daraja la zege, likachukuliwa na mafuriko, na tangu hapo watu wa Kilawe walivuka kwa miguu, maji yakiwafika magotini wakati wa kiangazi na shingoni wakati wa masika. Katikati ya masika hawakuvuka.

Huko ndiko alikopelekwa Bwana Faraji Lubango. Alikuwa mshereheshaji, tena hodari. Nchi nzima iliijua sauti yake, maana ndiyo iliyofungua mikutano ya Chama na kuwaamsha watu waliosinzia wakati wa hotuba. Aliwahi kugombea ubunge nyumbani kwao, kura zikawa chache, akalia hadharani. Wakubwa wakamhurumia, wakamfuta machozi kwa wilaya.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Siku ya kwanza tu, kabla hata hajaingia ofisini, aliomba apelekwe mtoni. Diwani wa Kilawe, Bi Zamaradi Kitojo, alivuka kuja kumpokea, kanga yake ikiwa imelowa hadi kiunoni. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mtu wa maneno machache kwa sababu ya kuzoea kuongea penye kelele.

"Karibu Mang'wale, Mkurugenzi," alisema. "Huu ndio mto wetu."

"Mama, watu wanapita hapa?"

"Wanapita. Wengine wanafika."

Bwana Lubango alivua miwani na kujifuta macho. Akaahidi mbele ya wote waliokuwepo kwamba kabla ya masika yajayo daraja litakuwa limesimama, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kulipita, bila viatu. Watu walipiga makofi. Zamaradi naye alipiga, kwa sababu alimwamini. Na mimi ninayesimulia nasema alikuwa na haki ya kumwamini, kwani siku ile mtu yule alikuwa akisema kweli.

Mambo yalikwenda haraka. Mhandisi alichora michoro, Hazina ikatoa fedha, na asubuhi moja hati ya kumkabidhi mkandarasi kazi ikawekwa mezani kwa Mkurugenzi ili aitie sahihi. Ndipo alipoingia mweka hazina wa wilaya, Bwana Sinani, mtu mpole aliyewahi kufanya kazi na wakurugenzi wengi na kuwasindikiza wote salama.

"Mkurugenzi, nakupongeza kwa moyo wako," alisema. "Nina neno dogo tu kabla hujatia kalamu."

"Sema, ndugu yangu."

"Tukijenga daraja, tunashuka daraja."

Bwana Lubango alicheka, akidhani ni utani wa ofisini. Sinani hakucheka.

"Ule mto ndio unaotuweka la kwanza," alieleza. "Shida zetu nyingine ni za kawaida, hata majirani wanazo. Mto ukipata daraja, wakaguzi watatushusha hadi la pili, pengine la tatu. Gari la pili litarudi. Posho zote mbili zitakatwa. Na ile ada ya watoto."

Mkurugenzi alitazama picha iliyokuwa mezani kwake. Watoto wake wawili walikuwa wameanza shule ng'ambo ya mipaka, shule nzuri yenye bwawa, na pichani walikuwa wamevaa nguo za kuogelea wakicheka. Mke wake alikuwa amekwishawaambia ndugu pande zote mbili.

"Nitabaki na kiasi gani?" aliuliza.

Sinani alimnong'oneza. Kiasi chenyewe siwezi kukitaja, kwa kuwa mshahara wa mkurugenzi katika nchi ile ni siri ya taifa. Ninachoweza kusema ni kwamba Bwana Lubango aliirudishia kalamu kifuniko chake.

"Hatukatai kujenga," alisema. "Tunajipanga."

"Hilo ndilo neno, Mkurugenzi. Tunajipanga."

Fedha zikahamishiwa kwenye Mradi wa Maandalizi ya Daraja. Maandalizi yenyewe yalikuwa bango kubwa lililosimikwa kwa nguzo za chuma ukingoni mwa mto, lenye picha ya Mkurugenzi akinyoosha mkono kuelekea Kilawe, na maneno: DARAJA LINAKUJA. Nguzo za bango zilichimbiwa chini sana, kwa zege, ili mafuriko yasilichukue.

*

Zamaradi alisubiri kwa subira ya mtu aliyeahidiwa. Masika yakaanza kunukia, hakuna aliyeleta hata mchanga. Katika kikao cha baraza la madiwani akasimama.

"Mwenyekiti, watu wa Kilawe wanauliza daraja liko wapi."

Bwana Lubango ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ile ya mikutanoni. "Mheshimiwa Diwani, nashangaa. Wilaya hii inalo daraja, tena la kwanza. Wilaya nyingi nchini zinalitamani daraja hilo na hazilipati. Tulilinde."

Madiwani wakagonga meza.

"Nauliza daraja la kupita watu," Zamaradi alisema.

"Na hilo linakuja. Bango lipo."

"Basi niulize jingine. Mkurugenzi analipwa shilingi ngapi kwa kuuangalia mto huu?"

Mwenyekiti, mzee aliyependa amani na sambusa za mapumziko, alivua kofia akaiweka mezani.

"Bi Zamaradi, unajua kabisa kwamba hilo halijadiliwi. Serikali ilificha mishahara hii kwa ajili yetu. Mwananchi akiijua atapata unyonge, na Serikali haipendi mwananchi anyong'onyee."

"Basi niulize sifa zake."

"Sifa zake ni nyingi," Mwenyekiti alijibu. "Tumeziimba hapa hapa asubuhi, na wewe ulikuwepo."

Watu walicheka, swali likafungwa. Zamaradi aliketi huku masikio yakimwaka. Mwenzake wa kiti cha pembeni, diwani wa Boma, alimgusa mkono akamwambia kwa upole asiwe mgumu hivyo, kila mtu anao mto wake.

*

Masika yalikuja yote kwa pamoja.

Kilawe palikuwa na fundi seremala aitwaye Kitwana Sehaba, kijana mkimya, na mkewe Mwajabu alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika alfajiri. Mkunga wa pale kijijini aliona mtoto amekaa vibaya, akasema huyu ni wa hospitali. Kitwana na majirani wakambeba kwenye machela hadi mtoni, na Zamaradi akiwa nao, ameshika mwavuli juu ya kichwa cha mgonjwa.

Maji yalikuwa mekundu, mapana, yanapita na miti mizima. Zamaradi alipiga simu wilayani. Na hapa nisiwaonee watu wa Boma, maana walifika upesi. Gari la wagonjwa lilikuja na taa zake zinazunguka, likasimama ukingo wa pili, chini ya bango. Muuguzi akashuka na mkoba wake. Wakawa wanatazamana, wao na muuguzi, kama watu waliosimama pande mbili za barabara.

Muuguzi alifanya alichoweza. Aliweka mikono mdomoni akapiga kelele juu ya sauti ya maji, akiwaambia wamlaze ubavu, wamwekee nguo chini ya kiuno, wamwambie apumue. Zamaradi alifuata kila neno lililomfikia. Mengine yalichukuliwa na maji. Kitwana alipiga magoti kichwani kwa mkewe akimshika mikono yote miwili, na Mwajabu, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajalalamika, alimwambia, "Baba, mbona wamesimama tu wale?"

"Wanakuja," Kitwana alimjibu.

Adhuhuri mtoto alitoka, wa kike, akalia. Muuguzi alimsikia kutoka upande wa pili akapiga makofi, akidhani mambo yamekwisha vizuri. Aliendelea kupiga makofi peke yake mpaka alipoona kwamba huku hakuna anayemjibu, na kwamba Zamaradi amevua kanga yake ya juu na kumfunika mtu mzima.

Mkurugenzi alikuja mazikoni maji yalipopungua. Alivushwa mgongoni na vijana wawili. Alitoa rambirambi na akatoa hotuba ambayo watu waliosikia wanasema hawajapata kusikia nzuri kama ile. Katikati yake machozi yakamtoka kweli. Kisha akavushwa kurudi. Wiki ile ile Sinani aliandika taarifa ya mwaka kwa wakaguzi, akamweka Mwajabu ukurasa wa mbele, na Mang'wale ikathibitishwa daraja la kwanza bila mjadala. Kukawa na nyongeza juu yake, posho ya majonzi, kwa mkurugenzi aliyeguswa na msiba kazini.

*

Baada ya arobaini Kitwana alianza kukata miti. Mininga miwili aliyokuwa akiitunza nyuma ya nyumba aiuze siku ya shida, aliiangusha na kuipasua mbao. Hakumwambia mtu. Zamaradi alipita akamkuta.

"Unatengeneza nini, mwanangu?"

"Daraja."

Zamaradi hakumuuliza zaidi. Alirudi nyumbani, akatafuta mnunuzi, akaiuza mashine yake ya kusaga, akarudi na nyaya, boriti na misumari. Akina mama wa Kilawe walipoona wanatakiwa kutwanga kwa mkono walikasirika, wakaja kumsema. Walipoambiwa mashine imekwenda wapi, walirudi wakiwa na waume zao na kamba. Kiangazi kizima walijenga. Nguzo walizisimika katikati ya mto kwa kushikana mabega ndani ya maji. Halikuwa daraja zuri. Lilikuwa limepinda kidogo upande wa kushoto na lilitingishika mtu mnene alipopita. Lakini lilifika upande wa pili, na kwa daraja hilo ndilo jambo kubwa.

Wa kwanza kulivuka alikuwa Zamaradi, na mgongoni alimbeba mtoto wa Kitwana, ambaye walimpa jina la mama yake. Alimpeleka kliniki kuchanjwa. Muuguzi alipomtambua Zamaradi na kung'amua kwamba mtoto ni yule, alishindwa kumchoma sindano, ikabidi mwenzake amsaidie.

Habari zilimfikia Mkurugenzi akiwa mezani. Alikuja mbio na magari yote mawili.

"Nani kakupa kibali?" alimuuliza Kitwana.

"Hakuna."

"Hukujua kwamba daraja la serikali liko njiani?"

"Limekuwa njiani muda mrefu, Mkurugenzi. Tukaona tulipunguzie safari."

Sinani alimvuta Mkurugenzi pembeni. Wakaguzi walikuwa wanakuja juma lile. Kulibomoa kungeleta zogo na picha, na kuliacha kungeleta daraja la tatu. Ikapatikana njia ya katikati. Aliwekwa mgambo na rungu lake juu ya daraja, kazi yake kuwaelekeza watu wavuke majini, chini yake. Kwa hiyo watu wa Kilawe walipandisha nguo na kupita kwenye maji, na juu ya vichwa vyao mbao za Kitwana zikakaa kavu. Wakaguzi walipofika, walisimama juu ya daraja hilo, maana ndipo mahali pazuri pa kuonea. Walitazama watu wakihangaika mtoni, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakaandika kwamba shida zipo.

*

Zamaradi alikwenda mji mkuu. Watu walimwambia anajisumbua, na kwa kawaida ingekuwa kweli. Lakini alifika wakati wa Wiki ya Uwajibikaji, ambayo huadhimishwa kila mwaka kwa maandamano na fulana, na mwaka ule waandalizi walikuwa wametafuta mtu wa kumwajibisha wasimpate. Zamaradi alipotokea getini na malalamiko yake, walimkumbatia. Ikaundwa Tume, chini ya jaji mstaafu, Mzee Teofili Ngonda, ikaja Mang'wale na viti vyake yenyewe.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mzee Ngonda alianza na sifa.

"Bwana Lubango, una cheti gani?"

"Cheti cha semina ya ufugaji wa nyuki, Mheshimiwa. Ya siku mbili."

"Ulihudhuria?"

"Siku ya kwanza. Ya pili nilikuwa na harusi ya kusherehesha."

Watu walicheka, na Bwana Lubango mwenyewe alitabasamu kwa mazoea, kisha tabasamu likamfia. Kitwana aliitwa. Alieleza habari ya siku ile kwa maneno machache, bila kupandisha sauti, akafika mahali pa makofi ya muuguzi akasimama.

"Unataka Tume ikufanyie nini, kijana?" Mzee Ngonda alimuuliza.

"Fedha sitaki. Nataka aseme kama alijua. Kwamba fedha zilikuwepo, na kwamba aliziacha makusudi."

Mzee Ngonda alimgeukia Mkurugenzi, akamwambia kwamba halazimiki kujibu. Sinani naye alimkanyaga mguu chini ya meza. Bwana Lubango alisimama. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya mikutanoni. Ilikuwa ndogo, watu wa nyuma walilazimika kuulizana amesema nini.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ile nilipofunga kalamu. Watoto wangu wanasoma kwa huo mto."

Akaketi akainamisha kichwa mezani. Zamaradi alisema baadaye kwamba kwa kitambo kile alimhurumia, na alidhani limekwisha, kwamba hata nchi ile imefika mahali.

Tume ikaenda kula. Ilikula kwa muda mrefu. Iliporudi, Mzee Ngonda alivaa miwani akasoma.

"Tume imeridhika, bila shaka yoyote, kwamba Bwana Lubango hakuwa na sifa. Kwa kuwa hakuwa na sifa, hakuwa mkurugenzi. Kwa kuwa hakuwa mkurugenzi, hawezi kuwajibishwa kama mkurugenzi. Alichokiri hapa ni makosa ya mkurugenzi, na yeye si mkurugenzi, kwa hiyo hakukiri. Yaliyotokea Mang'wale katika kipindi hicho yalitokea bila mtu."

"Na mshahara?" mtu mmoja alipiga kelele kutoka dirishani.

"Mshahara ulilipwa kwa mkurugenzi. Bwana Lubango, kama nilivyosema, hakuwa yeye. Hawezi kudaiwa kitu ambacho si yeye aliyelipwa. Isitoshe, Tume imeona jinsi alivyoteseka kwa kubebeshwa kazi asiyoiweza, na inapendekeza alipwe fidia."

Zamaradi alinyoosha mkono. "Mzee, na aliyemteua mtu asiye na sifa?"

"Huyo hatukumhoji," Mzee Ngonda alisema, kwa mara ya kwanza akionekana kuudhika. "Ndiye aliyetuteua na sisi. Isingekuwa adabu."

"Basi niambie jambo moja. Kama hakuwa mkurugenzi, ile amri yake ya kuwazuia watu wasipite darajani nayo ni batili."

Mzee Ngonda aliinua macho. Alishauriana na wenzake, akamtazama yule mama kwa heshima ya mtu wa sheria.

"Ni kweli," alisema. "Amri hiyo imekufa."

Watu wa Kilawe walitoka ukumbini wakikimbia. Mgambo aliwaona wakija akateremka mwenyewe. Walipita juu ya daraja siku ile, wengine wakaenda na kurudi bila shughuli yoyote upande wa pili, kwa kuonja tu.

*

Nchi ile ilijifunza kutokana na makosa, kama zifanyavyo nchi kubwa. Sheria ikabadilishwa haraka: mkurugenzi sharti awe na shahada. Na kwa kuwa sasa ana shahada, mshahara wake ukapandishwa, madaraja yakabaki palepale. Mang'wale ikaletewa Dokta Edina Kasuvi, aliyekuwa na shahada tatu, ya tatu ikiwa katika uongozi wa wilaya zenye shida. Hakulia mtoni. Alisoma faili lote, kisha akamwita Zamaradi ofisini, akamtilia chai kwa mkono wake.

"Mama, nimesikitika sana kwa yaliyotokea," alisema. "Mimi si kama yule. Mimi nafuata sheria."

"Nashukuru, mwanangu."

"Ndiyo maana daraja lenu lazima livunjwe. Halina mchoro, halina kibali, halikukaguliwa. Mtu akianguka pale, mimi ndiye nitakayewajibika."

Zamaradi aliweka kikombe chini. "Na akizama?"

Dokta Kasuvi alifikiri kwa uaminifu, maana alikuwa mtu msomi na swali lilistahili jibu.

"Akizama," alisema, "huo ni mto."

Amri hii ya pili haikuwa na kasoro yoyote. Ilitolewa na mtu mwenye sifa, kwa muhuri, na hakuna Tume ambayo ingeipata na dosari. Siku ya kuvunja ilitangazwa kuwa sherehe ya Usalama Kwanza. Paliwekwa turubai na soda upande wa Boma, na mshereheshaji akakodiwa, mwenye sauti nzuri, aliyekuwa ametoka kupokea fidia yake. Watu walikuja. Hata wa Kilawe walikuja, baadhi yao, kwa ajili ya soda.

Zamaradi hakutaka kwenda. Alikwenda alipoambiwa kwamba fundi aliyekodiwa kuvunja ni Kitwana. Alimbeba mtoto akashuka hadi mtoni kwa hasira, akamkuta juu ya daraja peke yake, amepiga magoti, ana nyundo na koleo.

"Kitwana, wewe ndiye wa kufanya hivi?"

"Niliomba mwenyewe, Mama."

"Kwa posho ya kutwa?"

"Walikuwa wamemkodi mtu wa mjini. Angekuja na shoka."

Zamaradi alitazama vizuri. Kitwana hakuwa akivunja. Alikuwa akichomoa msumari mmoja mmoja, polepole, anautoa mzima, kisha anaugongea juu ya jiwe hadi unyooke, anautia ndani ya kopo. Mbao alizokwisha kuzitoa alikuwa amezipanga upande wa Kilawe kwa mfuatano wake, kila moja imechorwa alama ya mkaa kwenye ncha. Kutoka Boma ilikuja sauti ya kipaza sauti ikiwaomba watu wapige makofi, na watu wakapiga.

Alikaa chini, akamlaza mtoto kwenye kivuli cha mbao, akavuta jiwe jingine karibu. Kitwana alimsogezea misumari iliyopinda. Wakawa wanagonga wote wawili.

Mgambo aliyewekwa kusimamia kazi alikuja kuchungulia. "Mnainyoosha ya nini, na daraja linavunjwa?"

"Isije ikamchoma mtu," Kitwana alimjibu, bila kuinua kichwa, akaendelea na mwingine.